Goti Jipya na Maumivu Yake: Mafunzo ya Historia kwa Anayemuuguza Mgonjwa

Leo tutazungumza juu ya maumivu ambayo mtu huyapata baada ya kupasuliwa na kuwekewa goti la bandia. Tutayatazama kwa njia ya historia, kwa sababu mengi tunayoyaamini kuhusu maumivu tumeyarithi kutoka zamani. Mengine yanatusaidia. Mengine yanawaumiza wagonjwa wetu bure.

Hapa Waithaka, na vilevile kwa majirani zetu wa Kawangware, Uthiru, Mutuini na Ruthimitu, wako akina mama wengi ambao magoti yao yamefanya kazi ya miaka 50 au 60. Walibeba kuni na maji wakiwa wasichana. Walilima mashamba ya wazazi, kisha ya waume zao. Walipanda na kushuka matatu wakiwa na mizigo ya sokoni. Mwishowe gegedu, yaani ule utando unaoteleza kwenye ncha za mifupa, husagika, na mfupa ukaanza kugusana na mfupa mwenzake. Ugonjwa huu huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa baada ya umri wa miaka 50. Dawa, mazoezi na kupunguza uzito vikishindwa, daktari wa mifupa anaweza kushauri goti libadilishwe.

Upasuaji wenyewe hufanyika hospitali, na mgonjwa hukaa huko siku chache tu. Kisha anarudishwa nyumbani, na kuanzia hapo kazi ni yako wewe binti, wewe mkaza mwana, wewe dada. Ni wewe utakayempa dawa usiku. Ni wewe utakayemwambia ainuke afanye mazoezi huku amekunja uso. Na mara nyingi ni wewe utakayeamua: je, huyu mama avumilie, au nimpe dawa?

Jibu la mazungumzo ya leo ni hili: baada ya upasuaji wa goti, uvumilivu si dawa. Mgonjwa aliyetulizwa maumivu vizuri ndiye anayetembea, na anayetembea ndiye anayepona. Tuone jinsi binadamu walivyochukua miaka mingi kulijua jambo hilo.

Zamani maumivu yalikuwa hayakwepeki

Miaka 200 iliyopita hakukuwa na nusu kaputi. Mwaka wa 1811 mwandishi mmoja Mwingereza, mama aitwaye Fanny Burney, alikatwa titi mjini Paris akiwa macho, akihisi kila kisu kinapopita. Baadaye alimwandikia dada yake barua ndefu kuyaeleza mateso hayo, na barua hiyo ipo hadi leo. Siku hizo daktari bora wa upasuaji alikuwa yule mwenye mkono mwepesi. Robert Liston wa London alisifika kwa kukata mguu kwa dakika chache tu, maana kila dakika ilikuwa mateso.

Lakini tusidhani kwamba Afrika ilikaa bila kutafuta njia. Mwaka wa 1879 mmisionari aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alipitia Bunyoro, katika nchi tunayoiita leo Uganda. Mahali paitwapo Kahura alimwona mganga akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Mama huyo alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu. Pombe hiyohiyo ilitumika kuosha mikono ya mganga na tumbo la mama. Kidonda kilifungwa kwa misumari myembamba ya chuma na kamba ya gome la mti, kisha kikapakwa dawa ya mizizi. Felkin aliandika kwamba siku kadhaa baadaye mama na mtoto walikuwa salama. Basi hata hapa kwetu, kabla ya hospitali za kisasa, wataalamu wa jadi walijua kwamba mgonjwa anayepasuliwa apunguziwe maumivu.

Huko Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alionyesha hadharani jinsi mvuke wa etha unavyomlaza mgonjwa asihisi kisu. Mwaka uliofuata, 1847, daktari wa uzazi wa Edinburgh, James Young Simpson, alianza kutumia klorofomu kwa akina mama wanaojifungua. Wako waliopinga. Walisema kwamba uchungu wa uzazi ni agizo la Mungu kwa mwanamke. Simpson alilazimika kuandika kijitabu mwaka huohuo kuwajibu. Mabishano hayo yalipungua nguvu mwaka wa 1853, wakati Malkia Victoria alipopewa klorofomu akimzaa mwanawe Leopold.

Mpenzi msikilizaji, tazama vizuri jambo hilo. Dawa ilikuwa tayari imepatikana, lakini watu walikuwa bado wanajiuliza kama inafaa mwanamke aondolewe maumivu. Je, sisi tuko mbali na hapo? Katika jamii nyingi za Kenya kijana aliyepelekwa jandoni alitarajiwa asipepese hata jicho. Mama aliye katika uchungu wa kuzaa huambiwa anyamaze asiaibishe watu. Aliyelelewa hivyo, akitoka kupasuliwa goti na kuulizwa hali, atajibu, "Niko sawa tu." Hayuko sawa. Amefundishwa kusema hivyo.

Uvumilivu ni sifa njema mahali pake. Lakini wahenga walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Goti jipya si mtihani wa ushujaa. Anayejikaza asitumie dawa hawezi kukunja goti. Asipolikunja katika wiki za mwanzo, kovu la ndani hukaza na goti likakakamaa. Hapo gharama yote na mateso yote ya upasuaji yatakuwa yamempa mguu usiokunjika.

Goti la bandia lilitoka wapi?

Mwaka wa 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alijaribu kuwawekea wagonjwa magoti ya bandia yaliyochongwa kwa pembe za ndovu. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha mifupa, na majaribio hayo hayakudumu kwa sababu ya maambukizi. Ilichukua miaka mingi kupata vifaa ambavyo mwili unavikubali. Mwaka wa 1962 John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alifanikiwa na nyonga ya bandia ya chuma na plastiki ngumu. Katika hospitali hiyohiyo, mwaka wa 1968, daktari kutoka Kanada, Frank Gunston, alitumia ujuzi huo kutengeneza goti. Kisha mwaka wa 1974, mjini New York, John Insall na wenzake walianza kutumia goti la aina ambayo ndiyo mama wa magoti mengi yanayowekwa leo.

Kwetu, hospitali ya PCEA Kikuyu, isiyo mbali na Waithaka, ilianzishwa na wamisionari wa Kanisa la Scotland mwaka wa 1908. Baadaye ilijenga jina katika matibabu ya mifupa, na leo ni moja kati ya hospitali za Kenya ambako watu hubadilishiwa magoti. Kwa hiyo goti la bandia si jambo la ng'ambo tena. Huenda jirani yako wa ploti analo.

Ni vizuri mlezi aelewe kinachofanyika. Daktari hafungui mguu na kutupa goti lote. Huondoa ncha zilizosagika za mfupa wa paja na wa muundi, kisha huzifunika kwa chuma, na katikati huweka plastiki ngumu ili viteleze. Ili afike hapo, hukata ngozi, husogeza misuli na kukata mfupa. Ndiyo sababu maumivu ya wiki za kwanza huwa makali. Hayo ni maumivu ya kidonda kinachopona, si yale ya zamani ya mfupa kusaga mfupa. Mgonjwa akilia, "Afadhali goti langu la kale," usikubali mapema. Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Kwa wengi maumivu hupungua sana kati ya wiki ya 6 na mwezi wa 3, ingawa uvimbe na joto kidogo vinaweza kuendelea kwa miezi kadhaa.

Dawa kali na hofu yake

Sasa tufike kwenye jambo linalowatia walezi wengi hofu: mofini na dawa za jamii yake, kama vile tramadoli na kodeini.

Mofini hutokana na utomvu wa mpopi, mmea ambao watu wameutumia kutuliza maumivu kwa maelfu ya miaka. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtengeneza dawa Mjerumani, Friedrich Sertürner, ndiye aliyefanikiwa kuitenga mofini yenyewe kutoka kwenye utomvu huo. Kuanzia hapo dunia imeyumba kati ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuitumia ovyo. Marekani, kuanzia miaka ya 1990, madaktari wengi walishawishiwa na watengenezaji kuwa dawa za aina hii hazina hatari kubwa. Zikagawiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, na watu wengi wakawa watumwa wake, wengine wakafa.

Kosa la pili ni kuiogopa mno, na hili ndilo lililoenea kwetu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka wa 1961 ulitaka nchi zidhibiti dawa za kulevya, lakini ulitambua pia kwamba dawa hizo ni za lazima kwa kutuliza maumivu. Nchi nyingi zilishika sehemu ya kwanza zikasahau ya pili. Kenya ilitunga sheria kali ya dawa za kulevya mwaka wa 1994. Mwaka wa 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kwamba mofini ya kunywa ilipatikana katika hospitali 7 tu za serikali, kati ya 250 hivi.

Hata hivyo wapo waliotuonyesha njia. Nairobi Hospice ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka wa 1990, ikiwafundisha watu kwamba mgonjwa wa saratani anaweza kupewa mofini kwa usalama hata akiwa nyumbani. Jirani zetu Uganda walianzishiwa Hospice Africa Uganda mwaka wa 1993 na daktari Anne Merriman. Mwaka wa 2004 nchi hiyo iliruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, ili iwafikie watu wa vijijini.

Mgonjwa wa goti si mgonjwa wa saratani, na hahitaji dawa hizo kwa muda mrefu. Lakini somo ni moja. Dawa kali iliyoandikwa na daktari kwa siku chache, kwa kipimo, kwa maumivu ya kweli, si sawa na kulevya. Usimnyime mama yako kidonge alichoandikiwa eti atazoea. Na usimwongezee siku wala kipimo bila kumuuliza daktari. Jinsi maumivu yanavyopungua ndivyo dawa hii inavyopunguzwa ya kwanza, hadi inaachwa.

Yako mambo 4 ya kukumbuka kuhusu dawa hizi. Kwanza, zisichanganywe na pombe wala dawa za usingizi. Pili, huleta kufunga choo. Mpe maji ya kutosha, mapapai, sukuma wiki na uji, na umwombe daktari dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Tatu, mgonjwa akisinzia mno, ukimwamsha haamki vizuri, au akipumua polepole kuliko kawaida, usimpe kidonge kingine; mpeleke hospitali mara moja. Nne, zifungie mahali watoto hawafiki, na usimgawie jirani hata kama anaumwa mgongo.

Hekima ya kuchanganya

Wakati mofini ikiogopwa, dawa nyingine ndogo ndogo zilikuwa zinakuja. Aspirini iliingia sokoni mwaka wa 1899. Parasetamoli ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1878, lakini ilikaa karibu imesahaulika hadi miaka ya 1950, ilipoanza kuuzwa Uingereza kwa jina la Panadol, jina ambalo hata mtoto wa Waithaka analijua. Ibuprofeni iligunduliwa Nottingham na kuanza kutumika Uingereza mwaka wa 1969.

Njia nyingine ilikuwa ganzi. Mwaka wa 1898 Mjerumani August Bier alimdunga mgonjwa dawa ya ganzi uti wa mgongo, akampasua mguu bila yeye kuhisi. Hadi leo magoti mengi hubadilishwa kwa njia hiyo: kiuno kuteremka chini hufa ganzi, mgonjwa mwenyewe akiwa anapumua bila mashine.

Kwa muda mrefu madaktari walitafuta dawa moja yenye nguvu ya kumaliza maumivu yote. Katika miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alishikilia wazo lingine. Alisema maumivu hupita njia nyingi mwilini, basi tuyazibe kwa dawa kadhaa kwa pamoja, kila moja kwa kipimo cha wastani, kisha tumwamshe mgonjwa mapema. Wazo hilo ndilo lililobadilisha upasuaji wa magoti. Siku hizi mgonjwa hupewa ganzi, parasetamoli, dawa ya kupunguza uvimbe akiwa hana kizuizi, na ile kali kidogo tu kwa siku za mwanzo.

Kwa hiyo usishangae ukitoka hospitali na pakiti 3 au 4 za dawa. Usichague moja ukaacha nyingine kwa kufikiri zote ni za kazi moja. Kila moja inaziba njia yake.

Na usingoje maumivu yapande. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ganzi ya uti wa mgongo huisha baada ya saa chache, na maumivu yakishapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyateremsha. Katika siku za kwanza mpe dawa kwa saa, kama daktari alivyoandika, hata kama wakati huo anasema hasikii kitu. Hasikii kwa sababu dawa inafanya kazi. Usiku pia ni muhimu, maana asiyelala hawezi kufanya mazoezi kesho yake.

Sasa tahadhari. Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi ni vidonge 2 vya miligramu 500, na visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye uzito mdogo au ugonjwa wa ini apewe kipimo cha daktari. Angalia pia dawa za mafua, kwa kuwa nyingi zina parasetamoli ndani yake.

Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, usimpe zote mbili kwa pamoja. Ndugu hawa wanaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha. Mama mwenye presha, kisukari kilichogusa figo, vidonda vya tumbo au pumu asipewe kabla daktari hajasema. Na kwa kuwa baada ya upasuaji wa goti wagonjwa wengi hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, ukiongeza kidonge cha maumivu kutoka kemisti bila kuuliza, unaweza kumsababishia kuvuja damu. Mwambie mwenye kemisti dawa zote anazotumia mgonjwa, pamoja na za miti shamba. Gome la muthiga limetuliza meno ya wazee wetu kwa miaka mingi, lakini mwambie daktari kabla ya kulichanganya na dawa za hospitali.

Kutoka kulazwa hadi kutembea

Zamani mtu aliyepasuliwa mguu alilazwa kitandani kwa muda mrefu, na ilionekana huko ndiko kumhurumia. Leo tunajua kulala sana huleta damu kuganda miguuni, mapafu kuingiwa na maambukizi na misuli kulegea. Mgonjwa wa goti husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake, akishika fremu au magongo.

Kutembea huku na mazoezi ni sehemu ya dawa ya maumivu. Mpe kidonge, ngoja kama dakika 30 hadi 45, ndipo aanze mazoezi aliyofundishwa na mtaalamu wa viungo. Afanye kidogo, mara nyingi kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba. Goti likivimba zaidi jioni, amezidisha. Kesho apunguze, lakini asiache.

Barafu husaidia sana. Ifunge kwa kitambaa au leso, weka juu ya goti dakika 15 hadi 20, kisha ondoa. Huna friji? Nunua barafu dukani. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, na usiloweshe kidonda.

Akilala, ainue mguu, lakini mto uwe chini ya kisigino na sehemu ya chini ya mguu, usiwe chini ya goti. Mto chini ya goti hupendeza kwa sasa, lakini humfanya ashindwe kunyoosha mguu baadaye.

Yako mambo ambayo wakwe na majirani watakushauri kwa nia njema, nawe uyakatae kwa adabu. Usimkande kwa maji moto yenye chumvi. Usimchue goti kwa mafuta wakati kidonda ni kibichi. Na usichue nyama ya muundi kwa nyuma hata siku moja ikiwa imevimba na inauma, kwa sababu kama kuna damu iliyoganda, unaweza kuifanya isafiri hadi mapafuni.

Tusisahau choo. Ploti nyingi zetu zina choo cha kuchuchumaa, na goti jipya haliwezi kuchuchumaa. Wako wagonjwa wanaoacha kunywa maji na kula ili wasiende choo, kisha wanafunga choo na kuishiwa nguvu. Tayarisha kabla hajatoka hospitali kiti chenye tundu na ndoo chini yake, au kiti cha choo kilichoinuliwa. Huenda fundi wa mbao wa karibu akakitengeneza.

Daftari la mlezi

Nunua daftari dogo. Andika saa, jina la dawa, na maumivu kwa namba kutoka 0 hadi 10: 0 ni hakuna kabisa, 10 ni makali kuliko yote. Usimwulize, "Uko sawa?" Mwulize, "Kati ya 0 na 10, ni ngapi ukiwa umelala? Ni ngapi ukitembea?" Andika pia kama alilala, kama alienda choo, na kama alifanya mazoezi. Ukirudi kliniki, daftari hilo litamwambia daktari mengi kuliko maneno. Pia litazuia mama kupewa dawa mara mbili, na wewe na dada yako mnapopokezana zamu.

Mpeleke hospitali bila kungoja ukiona haya: mguu kuvimba na kuuma nyuma ya muundi, kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, homa, baridi na kutetemeka, kidonda kutoa usaha, au wekundu unaoenea, kinyesi cheusi kama lami au kutapika damu, maumivu yaliyokuwa yakipungua kisha yakapanda ghafla, au mguu kushindwa kubeba uzito baada ya kuanguka.

Tena tuseme ukweli. Takriban mtu 1 kati ya 5 waliobadilishiwa goti huendelea kuwa na maumivu yanayomsumbua hata baada ya miezi mingi. Si laana, wala si uvivu, na si lazima kuwa mlezi amekosea. Asiambiwe "umepasuliwa, sasa umepona, nyamaza." Arudi kwa daktari achunguzwe goti, nyonga, mgongo na mishipa ya fahamu, kwa kuwa wakati mwingine chanzo kipo na kinatibika.

Akina mama, haikuwa rahisi kuufikia wakati huu. Kutoka pombe ya ndizi ya Bunyoro hadi etha ya Boston, kutoka pembe za ndovu za Berlin hadi kitanda cha hospitali karibu na nyumbani, watu waliendelea kuuliza swali moja: kwa nini mtu aumie wakati tunaweza kumsaidia? Wiki hii, kama una mgonjwa wa goti nyumbani, fanya mambo 3. Soma tena maagizo ya dawa zake uone kama anapewa kwa saa. Ondoa mto chini ya goti. Na umwulize namba yake, kisha uamini atakachokujibu.

Mkiwa na maswali, ulizeni katika kituo cha afya kilicho karibu nanyi, au katika kliniki ambako mgonjwa alipasuliwa.